Duara jeupe siyo kapsuli: kisa cha Klebsiella wa jipu la ini na slaidi zilizotudanganya

"Dada, zote zina kapsuli."

Kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo aliniambia hivyo na uso wake unang'aa, maana alikuwa amekaa na zile slaidi asubuhi nzima. Kapsuli ni lile koti la ute wa sukari ambalo baadhi ya bakteria hulivaa kwa nje, na lililonishtua mimi ni hilo neno "zote". Kwenye trei kulikuwa na slaidi nne, mbili za bakteria Klebsiella aliyetoka kwenye usaha wa jipu la ini na mbili za kontroli, yaani za kulinganishia, E. coli wetu wa kila siku, bakteria wa kawaida wa utumbo, ambaye koloni zake, yale mafungu yanayoota kwenye sahani, ni kavu na hatujawahi kumwona na ute wowote. Sasa kama na huyo naye amevaa kapsuli nene kiasi cha kuonekana kwa hadubini ya kawaida, basi ama tumepata jambo jipya kabisa ama slaidi zinatudanganya, na mimi nikajua ni hilo la pili kabla hata sijaweka jicho kwenye lenzi.

Nieleze tulifikaje hapo. Sampuli ilikuwa ya mgonjwa mtu mzima, ana homa na maumivu chini ya mbavu za kulia, ultrasaundi ikaonyesha jipu kwenye ini, daktari akavuta usaha kwa sindano akatuletea. Rangi ya Gram, ile tunayowapaka bakteria kwanza ili tuwaone, ikatoa vijiti vifupi vinene vyekundu, vingine vimekaa viwili viwili, na kwenye Gram hiyohiyo nikaona kitu ninachopenda kuwaonyesha vijana: usaha wote umeshika rangi ya waridi isipokuwa pembeni ya vijiti, pale pamebaki peupe kama kuna mtu kafuta. Ni dalili tu hiyo, huwezi kuiandikia ripoti. Kesho yake agari ya MacConkey, sahani ya kuoteshea bakteria, ikaja na koloni kubwa za pinki, zimevimba, zinang'aa, zinamwagikiana, na kwenye blad agari, sahani yenye damu, nikagusa koloni moja kwa lupu, kile kijiwaya cha kuchotea, nikaivuta taratibu juu, ikanyooka uzi kama mrenda, sentimita kadhaa kabla haujakatika. Hicho kipimo cha uzi kina mpaka wake, ukizidi milimita 5 tunaita chanya. Wetu ulipita mbali.

Niwe mkweli hapa, kwa matibabu ya mgonjwa huyo slaidi ya kapsuli haikuhitajika. Kilichohitajika ni kumtambua mdudu na kujua dawa gani inamuua, na hilo lilikuwa tayari linaendelea kwenye inkubeta. Slaidi tulitengeneza kwa ajili ya kufundishia, maana Klebsiella mwenye ute wa namna hii humpati kila wiki, na bakteria huyu ana historia na kapsuli. Carl Friedländer ndiye aliyemweleza mwaka 1882 kutoka kwenye mapafu ya waliokufa kwa nimonia, na Hans Christian Gram alikuwa Berlin akifanya kazi na huyohuyo Friedländer alipotoa mwaka 1884 ile njia ya rangi ambayo sisi wote tunaifanya mpaka leo. Yaani kapsuli ya Klebsiella na rangi ya Gram vimetoka nyumba moja.

Kijana alifuata karatasi ya maelekezo iliyobandikwa ukutani, na kosa siyo lake hata kidogo, karatasi ndiyo iliyomwongoza vibaya. Ilisema changanya koloni na nigrosini (wino mweusi), tandaza kama damu ya malaria, acha ikauke, pitisha juu ya moto mara tatu, weka kristo vayoleti, osha kwa maji ya bomba, kausha, tazama. Ukiangalia kweli unaona picha nzuri sana: nyuma kweusi, kijiti cha zambarau katikati, na duara jeupe limekizunguka. Inafanana kabisa na picha za vitabuni, ndo maana inadanganya watu wengi.

Tukakaa wote wawili kwenye hadubini tukaanza kuangalia upya, polepole, bila kutafuta kapsuli. Nikamwambia angalia kingo za duara. Kwenye E. coli duara lilikuwa halina upana mmoja, upande huu limebana upande ule limeachia, na kutoka kwenye ncha za vijiti kulikuwa na nyufa nyembamba nyeupe zinakwenda kwenye nigrosini kama udongo wa bwawa lililokauka. Halafu nikasogeza stage mpaka tukapata punje ya uchafu, sijui ni vumbi au kipande cha agari, ina pembe pembe, siyo bakteria kwa namna yoyote, na yenyewe imezungukwa na duara jeupe safi kabisa. Nikamuuliza, na hii nayo ina kapsuli? Akakaa kimya, kisha akasema, "Basi dada, hata za Klebsiella siziamini tena." Hapo ndo nikajua ameelewa, coz yeye mwenyewe ndiye aliyevuka kutoka kwenye kontroli kwenda kwenye sampuli, mimi sikumsukuma.

Kinachotokea ni hivi. Kapsuli ni wavu wa sukari ndefu, minyororo ya polisakaraidi, na zaidi ya asilimia 95 ya wavu huo ni maji. Ukiukausha hubakiwi na kapsuli iliyokauka, unabakiwa na karibu hakuna kitu, mabaki kidogo yamelala juu ya ukuta wa bakteria. Wakati huohuo kijiti chenyewe kinasinyaa kwa moto, na utando wa nigrosini nao unakauka na kujivuta, kwa hiyo kati ya kijiti na wino panafunguka nafasi. Nafasi hiyo ndiyo duara jeupe. Kwa hiyo kwenye slaidi kavu unaweza kuwa na bakteria asiye na kapsuli mwenye duara zuri, na bakteria mwenye kapsuli nene ambaye ya kwake imeporomoka yote na duara unaloliona ni la kusinyaa tu kama la mwenzake. Na maji ya bomba mwishoni yanaondoka na kile kidogo kilichobaki, kwa sababu sukari hizi zinayeyuka kwenye maji na hakuna kitu kinachozishika pale kwenye kioo.

Jambo hili siyo jipya. Mtaalamu wa bakteria J. P. Duguid aliliandika vizuri mwaka 1951, akasema njia ya kuaminika ni wino wa India kwenye slaidi mbichi, hakuna kukausha, hakuna moto. Miaka zaidi ya 70 imepita na bado kuna karatasi ukutani inasema pitisha juu ya moto mara tatu. Hili linaniuma kweli, kwa sababu mwanafunzi akishaona picha nzuri mara ya kwanza hasahau, na akija kufundisha atafundisha hiyohiyo.

Basi tukarudia mbichi. Wino wa India tunao, maabara nyingi zetu zinao au zilikuwa nao, kwa ajili ya kutafuta Cryptococcus, fangasi mwenye kapsuli, kwenye maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wenye VVU. Siku hizi kipimo cha antijeni kimechukua nafasi hiyo kwa sehemu kubwa, kwa hiyo chupa inakaa kabatini muda mrefu haijaguswa, na hapo kuna mtego mwingine. Kabla ya kuweka koloni tukaweka tone la wino peke yake chini ya kava slipu, kile kioo chembamba cha kufunikia. Kumbe wino wenyewe umeota bakteria, vijiti vyembamba vinaogelea humo ndani vizima. Chupa ikatupwa, tukafungua nyingine, tukaangalia tone lake peke yake, safi, punje ndogo ndogo sawasawa bila mabonge, ndo tukaendelea.

Namna yenyewe: tone dogo la wino kwenye slaidi safi isiyo na mafuta, unagusa koloni kwa ncha ya lupu, kidogo sana, unachanganya, unaweka kava slipu, halafu unaweka karatasi ya kufyonza juu yake na kukandamiza kwa vidole kwa nguvu mpaka utando unakuwa mwembamba na rangi yake inageuka kahawia. Hatua ya kukandamiza ndiyo watu wanairuka. Utando ukiwa mnene, bakteria anakuwa na wino juu yake na chini yake, na wino huo unafunika duara lake lote, unaona giza tu. Ukiwa mwembamba kiasi cha unene wa bakteria na kapsuli yake, kapsuli inagusa kioo juu na chini, mwanga unapita, na ndipo inaonekana. Na karatasi ya kufyonza ikishatumika inakwenda kwenye taka za maambukizi, usiiache mezani, hao ni bakteria hai.

Nilichoona pale nitakieleza kwa sababu nimefanya kazi hii muda mrefu na bado kilinisimamisha. Lenzi ya 100 na oili, nyuma kuna kahawia nzito na punje za wino zinatetemeka zote, hazitulii, ule mtetemo wa punje ndogo kwenye maji. Katikati kuna vijiti viwili vya Klebsiella vimeshikana ncha kwa ncha, vya kijivu vinang'aa kidogo, na kuvizunguka vyote viwili kuna uwazi mmoja wa umbo la yai, kingo laini, upana sawa pande zote. Punje za wino zinacheza mpaka pembeni kabisa ya huo uwazi, zinagonga, zinarudi, hakuna hata moja inayoingia. Ukitazama dakika mbili bado hazijaingia. Hapo ndipo unaelewa kwamba ule "utupu" una kitu ndani yake, kuna ukuta usioonekana, na punje ya wino haiwezi kupita. Uwazi ulikuwa mpana kuliko kijiti chenyewe. Kisha tukaweka E. coli wa kontroli kwenye wino uleule, na punje zikaja zikagusa mwili wa kijiti moja kwa moja. Hakuna duara. Punje ya vumbi nayo, hakuna duara.

Kijana akanyamaza tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi.

Sasa tulijaribu pia njia ya Anthony ya mwaka 1931 ya kuonyesha kapsuli kwa rangi, kwa sababu slaidi mbichi haikai, baada ya muda inakauka na hutaweza kumwonyesha mtu kesho. Anthony anatumia kristo vayoleti ya asilimia 1 na badala ya kuosha kwa maji unaosha kwa kopa salfeti ya asilimia 20, mrututu kwa jina la zamani, na huchomi moto. Bakteria tulimchanganya kwenye maziwa yasiyo na mafuta ili kuwe na protini inayoshika rangi nyuma. Kristo vayoleti inaingia kila mahali lakini haishiki vizuri kwenye sukari ya kapsuli, mrututu unaiondoa pale na kuacha rangi hafifu ya samawati. Ikatoka vizuri, Klebsiella ana pete, E. coli hana. Lakini pete hiyo ilikuwa chini ya nusu ya upana wa uwazi tuliouona kwenye wino. Koloni ileile, siku ileile, mikono ileile. Hii nilimwandikia kwenye daftari lake kwa kalamu nyekundu: upana wa kapsuli bila kutaja njia uliyotumia hauna maana, maana Anthony naye anakausha, hachomi tu.

Kijana akaniuliza swali zuri sana, kwamba kama hadubini ya mwanga inahangaika hivi, si ile ya elektroni ingemaliza ubishi? Jibu ni kwamba ile ya elektroni ilipata shida hiihii na kubwa zaidi, kwa sababu ndani yake kuna ombwe, kitu chenye maji hakiwezi kuingia kama kilivyo. Njia ya kawaida ya kuandaa ilikuwa kuondoa maji kwa alkoholi hatua kwa hatua, na kapsuli ikafanya kilekile ilichofanya kwenye nigrosini yetu, inaporomoka na kuwa mabonge na nyuzi zilizolala juu ya bakteria. Kwa miaka mingi watu waliangalia mabonge hayo wakidhani ndiyo sura ya kapsuli. Wengine wakaishika kwanza kwa kingamwili, wengine kwa rutheniamu nyekundu ambayo ina chaji chanya na inang'ang'ania kwenye sukari zenye chaji hasi, picha zikawa bora.

Mwaka 1988 Amako na wenzake wa Japani wakagandisha Klebsiella kwa haraka sana, kabla maji hayajapata nafasi ya kutoka, kisha wakayabadilisha na kiyeyusho kwenye baridi ileile, wakakata na kutazama. Wakakuta kapsuli ya unene wa nanomita 160 hivi, na ina tabaka mbili: ndani mafungu mazito ya nyuzi yamesimama wima juu ya utando wa nje kama ua wa miti iliyopangwa, na kwenye ncha za mafungu hayo nyuzi nyembamba zinatawanyika na kufuma wavu mwepesi upande wa nje. Kwangu mimi hii ni moja ya picha muhimu kuliko zote kwenye somo hili, kwa sababu inaonyesha kwamba kapsuli ni kitu kilichosimama na chenye mpangilio, siyo ute uliopakwa ovyo. Na leo tunajua kidogo kinachoisimamisha. Sukari inatoka nje kupitia protini iitwayo Wza, vipande vinane vimekaa duara na kuacha tundu katikati, na kuna nyingine, Wzi, inayosaidia kuishika pale juu. Bakteria asiye na Wzi anaendelea kutengeneza sukari lakini inamponyoka, inaishia kwenye majimaji.

Ila hiyo nanomita 160 ni ya aina waliyoitazama wao, siyo sheria ya kila Klebsiella, na hata kugandisha huko kuna hatua ya kutoa maji, kwa hiyo usichukue namba hiyo ukaigombanisha na wino wako. Watu waliokuja kumgusa Klebsiella hai ndani ya maji kwa sindano ya hadubini iitwayo AFM, ambayo inapapasa uso wa seli kwa nguvu ndogo mno, walikuta kapsuli inatenda kama jeli, inavimba na kusinyaa kadiri chumvi inavyobadilika. Yaani kitu chenyewe hakina unene mmoja wa kudumu.

Utafiti ule wa 1988 ulitazama pia E. coli K1, aina ya E. coli yenye kapsuli yake, na hapa kijana ndipo alipopigwa na butwaa. Kapsuli ya K1 ilikuwa chini ya nanomita 10. Hadubini yetu ya mwanga, hata ukiisafisha lenzi vipi, haitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko nanomita 200 hivi. Kwa hiyo K1 kwenye wino wa India hana duara kabisa, na bado kapsuli anayo, na ndiye mmoja wa wanaosababisha homa ya uti wa mgongo kwa watoto wachanga. Ile kontroli yetu tuliyosema "haina kapsuli", sentensi sahihi ni kwamba haina kapsuli inayoonekana kwa wino. Nikamfanya aifute kwenye daftari akaiandika upya.

Turudi kwa mgonjwa kwa sababu kuna jambo moja lilikuwa la haraka. Klebsiella wa jipu la ini mwenye uzi kama mrenda anajulikana tangu ripoti za Taiwan za mwaka 1986, ambako baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo walipata maambukizi ndani ya jicho. Anasafiri huyu, jicho, ubongo, mapafu. Kwa hiyo jioni ile ya uzi, kabla ya slaidi zote hizi, nilimpigia daktari nikamwambia, daktari shikamoo, huyu Klebsiella wako anavutika, naomba umuulize mgonjwa kuhusu macho yake. Akamwangalia, macho yalikuwa salama. Jipu likaendelea kunyonywa kwa mrija, dawa zikafuata majibu ya kalcha, akaruhusiwa.

Lakini hata uzi nao usiufanye ushahidi wa kapsuli. Watu walikuwa wanasema uzi mrefu maana yake kapsuli nyingi, hadi mwaka 2020 ikaonyeshwa kwamba kuna jeni ndogo, rmpD, inayoleta ule mvutano, na wingi wa kapsuli unaendeshwa na rmpC jirani yake. Unaweza kuvitenganisha hivyo viwili. Kwenye ripoti nikaandika mambo mawili kwa mistari miwili: kipimo cha uzi chanya, na chini yake, kapsuli imeonekana kwa wino wa India kwenye slaidi mbichi, kontroli haina duara. Sikuandika neno "hatari zaidi" kwa sababu hilo linahitaji vipimo vya jeni ambavyo hatuna.

Karatasi ya ukutani tuliibandua siku ileile. Mpya kaiandika kijana mwenyewe, na hatua ya kwanza kaweka tone la wino peke yake, ya pili kontroli, sampuli ni ya tatu. Alipomaliza kuibandika akarudi na swali la mwisho. "Sasa dada, huyo K1 wa mtoto mchanga, kama wino haumwonyeshi, sisi hapa tutamjuaje?" Nikamfungulia friji nikamwonyesha kisanduku cha latex cha maji ya uti wa mgongo, kipimo chenye punje ndogo zilizovishwa kingamwili, nikamwambia asome chupa ya meningokokasi kundi B, bakteria mwingine wa homa ya uti wa mgongo. Imeandikwa B na K1 pamoja, kwa sababu sukari ya kapsuli ya bakteria hao wawili ni moja, asidi ya sialiki iliyoungwa kwa namna ileile, na kingamwili ya mmoja inamshika na mwenzake. Hadubini haioni, ila kingamwili inaishika na zile punje za latex zinagandana mbele ya macho yako kwenye kadi. Akachukua daftari lake tena.